Kategori iko ya nani? Juu ya maneno yetu ya kuhesabu na kupanga vitu

Wandugu wa chama, kuko musemo mumoja unaorudia kila mara tunapokutana: Kiswahili ya Kolwezi inafaa kwa soko na kwa mabishano ya bei, lakini ukitaka kuandika listi, kuhesabu vizuri na kugawanya vitu mu kategori, lazima uhamie mu Kifaransa. Nimeusikia kwa mainjenia, kwa wanasheria, na hata kwa sisi watu wa kilimo. Leo nataka kuupinga. Sitaki kuisifu lugha yetu bure, kwa hiyo nitapima maneno yenyewe pale yanapofanya kazi: ku soko, ku mugodi, ku ofisi na mu shamba. Kisha kila mutu ataona nani anahesabu wazi na nani anahesabu kwa kuficha.

Tuanze na meka. Kila mutu wa Katanga anaijua: chombo cha kupimia bunga, na bei ya bunga inatangazwa kwa meka hata ku redio. Wasomi wanaicheka: "Meka haiko kipimo, kilo njo kipimo." Mimi naona meka inafanya kazi ambayo kilo haiifanyi. Mama anayetafuta bunga ya bukari ya leo tu hana feza ya mufuko wa kilo 25, na muuzishaji wake hana mizani. Meka wanaiona wote wawili: imejaa mpaka ku mudomo, ao imepanda mulima, ao imekatwa na mukono. Ubaya wake unajulikana pia. Kitako kinaweza kupigwa nyundo kikaingia ndani, na bunga inapunguka bila bei kubadilika. Lakini mama anajua kuigeuza na kupapasa kitako chake. Udanganyifu wa meka unakaa mu chombo ambacho mwenye kudanganywa anaweza kukishika. Tuweke hilo akilini, juu litatusaidia mbele.

Neno la pili ni fungu. Ku mizani, uzito unakaa na bei inatembea. Ku fungu, bei inakaa na vitu vinatembea. Fungu la tomati la franka 500 linabaki la franka 500, lakini tomati tano zinakuwa ine, kisha tatu. Watu wa uchumi wana maneno marefu ya jambo hili. Mama wa soko analihesabia ku vidole, na anakuambia mwezi gani tomati ya tano ilipotea. Tena fungu lina maana mbili ambazo Kiswahili haikuzitenganisha: ni vitu vilivyowekwa pamoja, na ni sehemu inayomupasa mutu pale watu wanagawanya. "Fungu langu liko wapi?" Ku soko ni tomati. Ku familia kisha matanga, ni haki.

Hata namba zetu zinaonewa bure. Mwalimu wa masomo ya musingi anasahihisha mutoto aliyesema "makumi mbili", anaandika ishirini na wino mwekundu. Ishirini ni neno zuri, lilitoka mu Kiarabu likapita ku pwani, na mutu analijifunza kwa kichwa. Makumi mbili unaielewa hata mara ya kwanza kuisikia: ni kumi, mara mbili. Vilevile kenda. Wengi wetu wanafikiri kenda ni kosa la kijiji na tisa njo sahihi, na kumbe tisa ni ya Kiarabu sawa sita na saba, na kenda inajulikana hata ku pwani. Sisemi tuache ishirini. Nasema mutu anayehesabu makumi mbili, makumi tatu, hana upungufu wowote wa hesabu.

Sasa tuende ku mugodi, kwa sababu pale Kolwezi yote inapimwa.

Mukrezeri anapotoa mufuko wa kobalti ku shimo, mufuko huo unapita mu mikono mingi kabla ya kuwa feza. Unachaguliwa, unasafishwa, unapakiwa, unafika ku depo, kwa mufano kule Musompo. Mukrezeri naye ana maneno yake ya kupanga: anaangalia rangi, anapima uzito kwa mukono, anasema hili ni jiwe na hili ni udongo tu. Lakini ku depo kuna neno lingine, tenere, na tenere inasemwa na mashini. Watu wanaiita Metorex, kwa jina la wenye kuitengeneza. Mashini inaelekezwa ku mufuko, namba inatokea, na bei inafuata namba. Mu kiini chake hakuna ubaya: tenere ni kitu cha kweli, na jicho la mutu haliwezi kutofautisha vizuri asilimia mbili na asilimia tatu. Malalamiko ya wakrezeri yako pengine: mashini iko mu mukono wa munuuzi tu. Linganisha na meka. Meka, munuuzi anaweza kugeuza kitako. Metorex, muuzishaji anasoma namba ile anayoonyeshwa. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kipimo si kama ni cha kizungu ao cha kwetu. Swali ni hili: wote wawili wanaweza kukihakikisha?

Sheria nayo inapanga watu. Kodi ya migodi ya tarehe 11/07/2002 ilimupa muchimbaji wa mikono jina na karti, na ilisema achimbe mu maeneo yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Sheria ya tarehe 09/03/2018 iliongeza kwamba lazima aingie mu koperativu. Muzuri. Lakini eneo likiisha kuchorwa, mutu mumoja, na mupiko mumoja, na jiwe lilelile, ni muchimbaji wa sheria upande huu wa musitari, na ni mwizi upande ule. Jina limebadilika, mutu hakubadilika. Hata jiwe linaweza kubadilishwa jina. Mu Novemba 2018 serikali iliiweka kobalti mu kundi la madini ya kimkakati, na ushuru wake ukapanda kufika asilimia 10. Kobalti yenyewe ku udongo haikujua kitu. Sisemi ilikuwa vibaya. Inchi ina haki ya kutafuta faida mu mali yake. Nataka tuone tu nguvu ya kupanga: ukihamisha kitu kutoka kundi moja kwenda lingine, umehamisha feza.

Na kuko mahali musitari ulipita chini ya vitanda. Mu Kasulo, mu 2014, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Kiwanja kilichoitwa parseli kikaanza kuitwa shimo. Mwenye nyumba akajifunza kwa haraka kwamba udongo na kile kilicho ndani ya udongo ni vitu viwili mu sheria, hata kama mu Kiswahili anasema kwa neno moja, "pangu".

Tufike ku ofisi. Pale neno kubwa ni listi. Orodha ni neno la vitabu, mu Kolwezi sijamusikia mutu akiuliza "jina langu liko ku orodha?" Anauliza: "Jina yangu iko ku listi?" Anauliza akiwa amesimama inje, juu listi iko ndani. Kazi ya siku, mbegu, mbolea, malipo ya kuhamishwa, yote inapitia ku listi. Kuhesabiwa kwetu ni kwa ajabu: hesabu ya mwisho ya wakaaji wote wa inchi ilifanyika 1984, kabla ya mimi kuzaliwa, lakini mukaaji wa Kolwezi anaandikwa ku listi ndogondogo kila mwaka. Taifa halijamuhesabu, na kila ofisi imekwisha kumupanga.

Neno kategori lilifika kwetu kwa njia hiyo, njia ya kazi. Ku Union Minière, kampuni iliyoanzishwa 1906, na kisha ku Gécamines tangu 1967, kategori ilisema mushahara, nyumba, na hata upande gani wa muji utalala. Manevri, mufanyakazi wa ufundi, metrize, kadre. Mpaka leo muzee wa Kolwezi akiuliza "ulikuwa kategori gani?" haulizi ulifanya kazi ya namna gani. Anauliza ulikuwa juu ya nani na chini ya nani. Wakoloni walifanya vile na watu wote: mu 1948 walileta karti ya sifa ya kiraia, mu 1952 uandikisho wa "walioendelea", na mutu mweusi alitahiniwa ndani ya nyumba yake kusudi ahame kundi.

Na kuko kategori ambazo jina lao lenyewe ni uongo wa heshima. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa mupango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Waliitwa "depa volontere", wenye kuondoka kwa kupenda. Wengi walikuwa na miezi mingi ya mishahara isiyolipwa. Kupenda gani? Lakini jina likabaki, na mu familia za hapa unasikia "baba alikuwa depa volontere" sawa vile mutu anasema baba alikuwa fundi. Kategori imekuwa kabila.

Hapa njo ninafika ku kiini cha shutuma yangu. Neno kategori linachanganya vitu viwili ambavyo Kiswahili inavitenganisha. Sisi tuko na aina, na tuko na daraja. Aina inasema vitu vinatofautiana: mahindi na mihogo ni aina mbili, hakuna aliye mukubwa wa mwenzake. Daraja inasema mumoja yuko juu. Kategori inasema daraja kwa sauti ya aina. Ukisoma ku karatasi "kategori A, kategori B", inaonekana sawa mutu amepanga tu vitu ku kabati. Kumbe amekwisha kuamua nani atalipwa mingi. Mu Kiswahili angelazimika kuchagua: hizi ni aina mbili, ao ni madaraja mawili? Na akisema madaraja, mutu wa kijiji atauliza mara moja: nani aliyetuweka ku daraja la chini, na juu ya nini? Tazama basi: lugha tunayoambiwa haiwezi kupanga, njo inayouliza swali la kwanza la kupanga.

Nilifanya kazi ya kuhesabu mashamba kwa ofisi moja, jina naliacha, kabla ya eneo kuchukuliwa na mugodi. Musomaji asiye wa kilimo ajue jambo moja kwanza. Sheria yetu ya udongo ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Kwa hiyo mara nyingi kile mukulima analipwa ni kile kilicho juu ya udongo: mimea, miti, nyumba. Maana yake, listi ya mimea njo mali yake yote. Kinachokosa ku listi hakikuwapo.

Fomu yenyewe ilikuwa na musitari mumoja kwa kila shamba: zao kubwa. Moja. Lakini shamba la kwetu halina zao moja. Mahindi yanasimama, maharagi yanapanda juu yao, maboga yanafunika udongo, na mihogo inangoja chini ichukue nafasi kisha mavuno. Mu mutindo huo mama anakula kwa miezi tofauti ya mwaka: majani ya maboga kwanza, mahindi mabichi, maharagi, kisha sombe na mihogo mwaka wa pili. Ukiandika "mahindi" umepoteza mazao matatu na mwaka muzima. Mukulima akiulizwa "zao kubwa ni gani?" anacheka, juu swali halina jibu. Mimi niliandika mazao yote mu nafasi ndogo ya pembeni. Waliniambia mashini haisomi pembeni.

Kisha miti. Fomu ilijua muti wa matunda: mwembe, avoka, machungwa. Ilijua vilevile "pori". Basi, musuku uko wapi? Wakati wake ukifika, masuku yanajaa ku soko, wamama wanayapanga mafungu mafungu, watoto wanalipiwa shule kwa masuku. Lakini musuku haukupandwa na mutu, kwa hiyo ku fomu ni pori. Vilevile miti inayobeba viwavi, vilevile pahali buyoga inaota kila mvua. Kwa fomu, pori ni kile kisicho na mwenyewe. Kwa mama anayeamuka saa kumi usiku kwenda kuokota, pori ni shamba ambalo Mungu alipanda na yeye anavuna. Alipoulizwa uko na miti mingapi ya matunda, alihesabu na misuku. Mwandishi akaifuta. Hapo hakuna aliyeshindwa kuhesabu. Watu wawili walihesabu vizuri kwa mipango miwili, na kalamu ilikuwa mu mukono wa mumoja.

Hata udongo, wakulima wanaupanga bila sisi. Udongo mwekundu, udongo wa muchanga, udongo mweusi wa bonde, udongo wa kichuguu ambao wanautafuta kwa bustani na kwa matofali. Wanajua hata mahali pasipo na miti mirefu, panapoota lile ua dogo ambalo vitabu vinaita Haumaniastrum katangense, ua la mukuba. Wazee walijua: hapa usilime, hapa kuna shaba. Watafutaji wa madini walilifuata ua hilo vilevile. Kwa hiyo kupanga udongo kwa kuangalia majani, jambo tunaloita sayansi tunapolisoma ku univerziti, bibi zetu walikuwa nalo, na lilikuwa sahihi.

Nisiwe muongo upande wetu. Kiswahili yetu nayo ina makosa yake. La kwanza, tunasema namna, aina, ginsi na kundi sawa neno moja, na mutu anayetaka kuandika kwa uangalifu anapotea. "Namna ya mihogo" ni mihogo ya aina gani, ao ni mihogo inalimwa vipi? Tukitaka lugha hii ibebe ripoti, tuanze kuyatenga: namna kwa njia ya kufanya, aina kwa tofauti, kundi kwa vitu vilivyokaa pamoja, daraja kwa cheo. La pili, lugha yetu inajua kudharau pia. Tunaweka ka na tu mbele ya jina, na mutu anapunguka: "kale kamutu", "tule tutoto twa ku shimo". Wakati mwingine ni upendo. Wakati mwingine ni daraja bila karatasi. Na la tatu, hatuandiki. Neno lisiloandikwa halishindi fomu.

Lakini mumoja aliandika. Mu 1965, mule Elisabethville, muji tunaouita leo Lubumbashi, André Yav alitunga kitabu kidogo kwa jina la wafanyakazi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa maboi. Kichwa chake kinasema ni "vocabulaire", listi ya maneno ya muji. Ukifungua unakuta historia: wazungu, makampuni, mishahara, majina ya kupanga ambayo watu weusi waliwapa mabwana wao. Johannes Fabian alikitoa upya mu 1990. Wengine wanaona kichwa hicho ni kosa la mutu asiyesoma sana. Mimi naona ni shabaha. Wakoloni walikuwa wametuandikia vitabu vya maneno miaka mingi, vya kuamuru boi afanye nini, na boi njo alikuwa kitu kinachopangwa. Yav alichukua jina la kitabu hicho na kupanga wao. Na maandiko yake, vile hayafuati sheria ya shule, yalibidi yasomwe kwa sauti kusudi yaeleweke vizuri. Mimi silioni kama upungufu. Listi inayosomwa kwa sauti, watu wote wanaisikia, na mwenye jina lililokosa anasimama palepale.

Kwa hiyo nasema kwa wenzangu wa lisansi, juu sisi njo tunapewa kalamu na makampuni, na makoperativu, na serikali. Fomu ikija na neno kategori, uliza: ni aina ao ni daraja? Shamba likiwa na mazao mane, andika mane, na kama mashini haisomi pembeni, andika ripoti ya pili na uweke saini yako. Muulize mukulima majina ya vitu vyake kabla ya kumuonyesha majina yako. Na kabla ya listi kuondoka ku kijiji, isomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, jina kwa jina, muti kwa muti, na nakala moja ibaki kwa chifu na nyingine kwa wamama. Kazi hiyo inachukua saa tatu. Nimeiona ikifanyika mara moja, na siku ile misuku kumi na ine ilirudi ku listi.